Bawabu wa Kitulo

Asubuhi hiyo barafu nyembamba ilikuwa bado imeshika majani, na Ambakisye alipoona mtu anapanda kilima kuja kituoni alidhani ni mpita njia aliyepotea. Hakuna aliyekuwa na haja ya kufika pale kwa miguu. Chakula chake kililetwa na ndege isiyo na rubani, ikashusha boksi uani na kugeuza kabla hata hajatoka nje kusema asante. Alisimama dirishani na kikombe cha chai, akamtazama yule mtu akipanda, akipumzika, akipanda tena, mpaka alipokaribia akaitambua kofia ya pama.

Alikuwa mjomba wake, Gwakisa, kaka yake mama, mtu wa Ndulilo kule bondeni. Magoti yake yalikuwa mabovu tangu zamani.

Ambakisye akatoka mbio. "Mjomba! Shikamoo, mjomba. Karibu ndani, baridi hii itakuua."

Mjomba hakuitikia. Alisimama langoni, suruali imelowa umande mpaka magotini, akamwangalia mpwa wake kuanzia viatu hadi utosini, kama mtu anayehakikisha mzigo ni wake kabla ya kuupokea.

"Kumbe mzima," alisema. "Huumwi."

"Siumwi, mjomba."

"Mguu hujavunjika."

"Mjomba, kuna nini?"

"Nimekuja kuona kwa macho yangu ni kitu gani kinaweza kumzuia mtoto wa kiume asimzike mama yake."

Ambakisye aliyasikia maneno yale yote, moja moja, lakini hayakukaa pamoja. Akauliza kama mjinga, "Asimzike nani?"

"Usinigeuze mtoto, Ambakisye. Nilikupigia mimi mwenyewe, siku ile ile alipokata roho. Nikakwambia, mama yako ametutoka. Ukanijibu, 'Poleni sana, mjomba, Mungu awatie nguvu.' Awatie! Kama jirani! Nikakuuliza unakuja lini, ukasema uko kazini. Tukakungoja. Tukakungoja mpaka wazee wakaniita pembeni wakaniambia, Gwakisa, maiti haina subira. Tukazika."

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwa Ambakisye. Alikiweka chini taratibu, kwenye majani yenye barafu, akachuchumaa hapo hapo.

"Sikuongea na wewe, mjomba," alisema. "Wallahi… sikuongea na mtu yeyote. Simu yangu haijalia tangu sijui lini."

"Sauti yako siijui? Mimi niliyekufundisha kuongea?" Mjomba alivua kofia, akaivaa tena. "Kila jioni ulikuwa unaongea na mama yako. Ulimsomea zaburi amelala kitandani, mimi nimekaa miguuni pake nasikia. Watu wote Ndulilo wanasema, yule mtoto yuko mbali lakini hana mfano. Sasa mtu anayempenda mama yake hivyo, siku ya mazishi anakaa mlimani anatazama ukungu?"

Ambakisye alimsogelea amshike mkono. Akasema tu, "Ingia upate moto kwanza, mjomba. Tutaongea."

"Sikuja kuota moto. Nimekuja kuona, na nimeona."

Akageuka. Ambakisye alimfuata hatua chache akimwita, kisha akaishia njiani, maana mzee alikuwa anashuka bila kugeuka nyuma, na pikipiki iliyomleta ilisikika ikinguruma kule chini barabarani.

*

Kituo cha Kitulo kilijengwa kwa sababu ya milima. Miaka ile udongo ulipoanza kuporomoka kila masika na kuzika nyumba na watu wake, shirika la tahadhari lilichomeka vihisio ardhini, vijiti vyembamba visivyozidi urefu wa mwiko, kwenye kila mteremko wenye kijiji chini yake. Udongo ukisogea hata unene wa ukucha, kijiti kilituma habari Kitulo. Na watu nao walipewa namba moja ya kupiga wakiwa na shida: moto, mafuriko, mgonjwa, mtoto aliyepotea. Vyote viliingia kwenye kompyuta moja, na mbele ya kompyuta hiyo alikaa mtu mmoja, Ambakisye Mwasandube.

Mwanzoni kazi yote ya kupokea ilikuwa ya mfumo endeshi wa kompyuta yenyewe. Ujumbe ulipofika, ulipiga hodi. Mfumo ukaacha ulichokuwa ukifanya, ukafungua, ukasoma anwani, ukakagua kama ujumbe haukuharibika njiani, ukaupeleka kwa mhusika, kisha ukarudi kwenye kazi yake. Siku za kawaida hilo halikuwa neno. Lakini mvua zikikolea vihisio vyote vilipiga hodi kwa mpigo, na mfumo ukawa kama mama mwenye nyumba anayeshinda mlangoni kupokea wageni huku chungu kinaungua jikoni. Nguvu zote ziliishia kufungua mlango. Masika moja mlima uliteremka juu ya kijiji cha Isapala wakati onyo lake lilikuwa bado linasubiri zamu. Ambakisye ndiye aliyekuwa kwenye kiti. Aliliona onyo likijitokeza kwenye kioo baada ya watu kuwa wameshaanza kupiga simu wakilia.

Baada ya hapo ndipo ilipoletwa kadi. Ilikuwa ubao wa kijani usiozidi kiganja, wenye ubongo wake wenyewe, nao ulichomekwa pale nyaya za mtandao zinapoingilia. Kazi ya mlangoni ikatoka mikononi mwa mfumo ikawa ya kadi. Mafundi wakaiita Bawabu. Bawabu alipokea, alikagua, alipanga, na kuuwekea mfumo mezani kile tu kilichostahili, tayari kimemenywa. Ambakisye aliifunga kadi kwa mikono yake, na mashine kubwa ilipotulia na feni zake kupunguza kelele, alihisi kama mtu aliyerudishiwa usingizi.

Kila mwaka Bawabu aliongezewa akili kidogo. Akafundishwa kumalizia mambo madogo mwenyewe. Akafundishwa kuita gari la wagonjwa, kuamsha kijiji kwa ving'ora, na mwishowe kuzungumza na wapigaji. Kwa kuwa watu wa milimani walikuwa wameizoea sauti ya mtunza kituo, shirika lilimtaka Ambakisye akae mbele ya kinasa sauti asome: salamu, majina ya vijiji, hadithi, mistari ya Biblia, habari za mazao, chochote, mpaka koo lilipokauka. Alisoma akicheka. Hakufikiria kwamba simu yake mwenyewe, kwa kuwa Kitulo hapakuwa na mnara wa simu ila ule wa kituo, ilipitia nyaya zile zile na ilikuwa nyuma ya mlango ule ule.

Simu ilipoacha kulia alidhani watu wamemchoka.

Alikuwa na sababu ya kudhani hivyo. Aliachana na mama yake vibaya. Baba alipofariki, mama alimtaka arudi Ndulilo ashike migomba na ng'ombe, naye akasema hawezi kuacha watu wa milimani bila mtu. Mama akamwambia, "Basi nenda kwa hao watu wako. Mimi sitakubembeleza." Ambakisye alikuwa na kichwa kigumu, na alijua kilikotoka. Akasubiri mama aanze kupiga. Jioni baada ya jioni aliiweka simu juu ya meza, karibu na sahani, akala akiitazama.

Sasa aliingia ndani akaketi mbele ya kioo, akaitafuta sauti ya mama yake kila mahali kompyuta inapoweza kuhifadhi kitu. Hapakuwa na simu hata moja. Mwanzoni alidhani zimefutwa, kisha akaelewa. Hakuna aliyefuta chochote. Hazikuwahi kufika. Bawabu alikuwa amezipokea, akazijibu, akazifunga, na nyumba nzima nyuma yake haikujua kama kulikuwa na mgeni.

Alivaa koti, akafunga mlango, akaanza kushuka. Kituo kilibaki peke yake na hakuna kilichoharibika. Hilo nalo lilimuuma.

*

Tusekile, mdogo wake, alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo za kitanda za marehemu. Alipomwona kaka yake anatokea kwenye migomba hakupiga yowe wala hakumkimbilia. Alikung'uta shuka, akalitundika, akalinyoosha pembe zote nne.

"Umefika," alisema.

"Nimefika."

"Yuko pale." Akaonyesha kwa kidevu. Kaburi lilikuwa kando ya kaburi la baba, udongo bado mwekundu, maua ya karatasi yameanza kupauka.

Ambakisye alikaa pale muda mrefu. Alijaribu kulia kama watu wanavyolia, ikashindikana. Kilichotoka ni sauti ndogo ya ajabu kama mtu anayesafisha koo. Aliporudi uani Tusekile alikuwa amemwekea ndizi za maziwa kwenye bakuli, na pembeni ya bakuli simu ya mama, ile ndogo yenye vitufe vikubwa.

"Tuse," alisema, "yule aliyekuwa anaongea na mama…"

"Kula kwanza."

"Hakuwa mimi."

Tusekile hakushtuka. Alivuta kigoda akaketi, akaanza kumenya ndizi nyingine bila kuinua macho. "Mpigie," alisema. "Kama ulikuwa hujui, mpigie umsikie."

Aliichukua simu akaenda nayo mpaka mwisho wa migomba, mahali ambapo hapana anayesikia. Namba yake ya kituoni ilikuwa ya kwanza, imeandikwa MWANANGU. Akabonyeza. Haikuita hata mara mbili.

"Kituo cha Kitulo, Ambakisye anaongea," ilisema sauti yake mwenyewe. Kisha ikalainika, kwa namna ambayo hakujua kuwa sauti yake inaweza. "Mama, shikamoo. Siku nyingi hujapiga. Kifua kinakubana?"

Mjomba alikuwa ametoa habari ya msiba kwa simu yake yeye, na kwa Bawabu kila namba ilikuwa chumba chake. Habari ya chumba hiki haikuvuka kwenda chumba kile. Katika chumba hiki mama alikuwa bado hai, na kuna aliyekuwa anamngoja.

"Mama? Nipo, usiwe na wasiwasi. Ongea taratibu."

"Mimi si mama," Ambakisye alisema.

"Nani mwenzangu?"

"Ambakisye."

Sauti iliporudi ule ulaini ulikuwa umeondoka. "Sauti hii ni ya mtunza kituo. Kuna tatizo kituoni?"

"Hakuna. Nataka nikuulize. Kwa nini hukunipa simu za mama yangu?"

"Hazikuwa za hatari. Mtunza kituo hasumbuliwi kwa zisizo za hatari."

"Mama alikuwa anakufa!"

"Alisema kifua kinambana. Nilimwelekeza zahanati. Niliita gari la wagonjwa, akaenda, akarudi. Nililiita tena, akakataa kupanda. Nilimkumbusha dawa. Nilimsomea alipotaka kusomewa." Sauti haikujitetea, ilieleza tu, kama mfanyakazi mwaminifu anayekabidhi zamu. "Hakuna kilichopungua katika huduma aliyopewa."

Na hapo ndipo palikuwa pagumu, maana ilikuwa kweli. Ambakisye alijiuliza kama yeye angeita gari lile mara ya pili, au angesema, mama, tungoje kesho.

"Alikuwa anataka nini akipiga?" aliuliza.

"Alikuwa anaanza hivi: 'Hodi, naomba nimpate mwanangu.'"

"Na wewe unamjibu nini?"

"Namjibu, 'Ni mimi, mama.'"

Ambakisye aliishusha simu sikioni. Aliisikia ikiuliza kutoka mbali, kwa sauti yake, kama kuna msaada mwingine anaohitaji. Akaikata.

*

Tusekile alikuwa pale pale kwenye kigoda. Maganda ya ndizi yalijaa kwenye beseni.

"Ulijua," Ambakisye alimwambia.

"Tangu mwanzo. Siku ya kwanza nilipoongea naye mwenyewe, nilimtukana. Nikamwambia wewe ni mtoto gani, umemwacha mama, umeniachia mimi kila kitu. Akaninyamazia mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia, 'Pole, dada yangu. Umechoka. Umekula leo?'" Tusekile alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Wewe tangu nizaliwe hujaniuliza kama nimekula."

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Ningemwachia nani mama? Na nilivyofikiri, nilifikiri umemweka wewe. Kwamba umetuchoka ukatuwekea mtu wa kutuongopea. Sasa nipande mlima kuja kuuliza nini?"

Ambakisye alikaa chini, mgongo ukutani. Jogoo alipita katikati yao, akasimama, akaendelea.

"Angalau mama hakujua," alisema mwishowe.

Tusekile aliweka kisu chini. Alimtazama kaka yake kwa mara ya kwanza tangu afike, na hasira aliyokuwa ameitunza ilionekana ikimchoka usoni.

"Kaka," alisema, "mama alijua kabla yangu."

"Alikwambia?"

"Alisema, huyu hanikatizi. Mwanangu lazima anikatize. Nikamwambia, basi mama, acha kumpigia, anakupotezea muda. Akasema hapana. Akasema, mlinzi wa geti akiwa na adabu namna hii, mwenye nyumba yumo ndani. Nikipiga hodi kila siku, ipo siku atasikia atoke mwenyewe." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Zile zaburi alikuwa anazisikiliza tu. Alichokuwa anakifuata ni ile hodi."

Sasa machozi yalikuja, bila taabu yoyote, na Tusekile hakumbembeleza wala hakuondoka.

Baadaye mjomba Gwakisa aliletwa, akaketi, akaelezwa habari yote. Ambakisye hakuficha kitu. Angeweza kuficha, ingekuwa rahisi kuomba msamaha wa kutofika mazishini na kubaki na sifa za zile jioni. Alieleza kadi, na nyaya, na jinsi alivyosoma maneno akirekodiwa. Mzee alisikiliza hadi mwisho, fimbo katikati ya magoti.

"Sauti ni yako," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Maneno ya Mungu aliyosomewa mama yako, uliyasoma wewe."

"Niliyasoma kwenye mashine. Sikumsomea yeye."

"Basi aliyemsomea ni nani?"

Mzee alitikisa kichwa, akanyanyuka kwa kujikongoja, na kabla ya kutoka akamwekea mpwa wake mkono begani, mkono mzito, akauacha hapo kitambo. Hakusema kama amemsamehe.

*

Aliporudi Kitulo aliwasha laini ya kikazi, ile ambayo Bawabu aliipitisha bila kuuliza, akampata Injinia Bahegwa makao makuu. Mama huyo ndiye aliyesimamia kadi zote za nyanda za juu. Alikuwa mtu wa haki, na alipopewa habari za msiba alisema pole kwa sauti ya mtu anayemaanisha.

"Injinia," Ambakisye alisema, "wanaopiga kuzungumza tu, wasio na hatari yoyote, ni wengi?"

"Ni wengi kuliko wenye hatari. Wazee, wajane, wachungaji wa ng'ombe huko porini. Na wanaridhika. Tangu Bawabu aanze kuwajibu hatujapata lalamiko hata moja."

"Lalamiko wangelipitishia wapi?"

Kalamu ilisikika ikiwekwa mezani upande wa pili.

"Nataka kurudisha kazi ya mlangoni kwenye mfumo," Ambakisye aliendelea. "Waje kwangu."

"Haiwezekani nusu nusu, unajua. Ukimtoa Bawabu, umemtoa kwa wote. Vihisio navyo vinarudi kupiga hodi kwenye mfumo. Masika yaliyopita aliwaamsha watu wa Lwangu wakatoka wote, na mlima ukaja nyuma yao. Wewe ungewahi?"

"Nisingewahi."

"Na bado unataka?"

Ambakisye alitazama nje. Ukungu ulikuwa umeondoka, na uwanda wote ulikuwa wazi, mkavu, rangi ya kimanjano, hakuna mtu wala mnyama mpaka macho yanapoishia. "Sasa ni kipupwe. Udongo umeshikamana kama jiwe. Mvua zikikaribia nitamrudisha mlangoni, kwa sababu watu wa Lwangu wana haki ya kuishi. Lakini mpaka hapo mnitafutie mwenzangu, wawili, watatu, watu wenye masikio, ili siku nikimrudisha, anayeomba mtu aletewe mtu. Na kama hamtawatafuta, nitawaambia wapigaji mwenyewe, mmoja mmoja, wajue wanaongea na nani."

"Udongo ukiteleza kabla ya hapo, hata kidogo, jina litakaloandikwa ni lako."

"Najua."

"Sijakuruhusu," alisema Injinia Bahegwa polepole, "na sijakukataza." Akakata.

Ambakisye alikaa mkono juu ya meza. Aliwafikiria watu wa Isapala waliozikwa onyo likiwa foleni, na akamfikiria mama yake, aliyekuwa foleni nyingine, yenye heshima zote, isiyosogea. Alijaribu kuwapima akaona hakuna mzani unaowabeba. Kisha akatoa amri.

Feni za mashine kubwa zilianza kuvuma. Taa ya kijani ya kadi ilizimika. Kwa kitambo hakikutokea kitu, akaanza kudhani ameharibu, halafu simu ikalia, na mlio wenyewe ulimshtua kwa kuwa alikuwa ameusahau.

Wa kwanza alikuwa mwanamke aliyetaka kujua kama kutakuwa na barafu tena kesho kwenye viazi vyake, akajibiwa, akashukuru. Wa pili aliposikia "Kituo cha Kitulo" alikata bila kusema neno. Wa tatu alikuwa mzee.

"Umechelewa kupokea leo," alisema mzee. "Haya, sasa yule ng'ombe nimuuze au nisimuuze, unaonaje?"

"Shikamoo, mzee. Ng'ombe gani?"

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Ni Ambakisye, mzee. Mtunza kituo."

"Sauti ndiyo," alisema mzee kwa tahadhari, "lakini wewe siye. Mimi ni Tweve. Mzee Tweve. Hebu nipe yule mwenzako."

"Hayupo, mzee."

"Amekwenda wapi?"

Angeweza kusema amehamishwa, au ni mgonjwa. "Hakuwa mtu, mzee. Ilikuwa mashine, inaongea kwa sauti yangu. Nimeizima. Leo ni mimi mwenyewe."

Mzee Tweve alipumua kwenye simu, pumzi ndefu yenye kikohozi ndani yake. "Mashine," alisema. "Ilikuwa inajua habari zangu zote. Tangu mke wangu afariki sina mwingine niliyemweleza. Sasa mimi, kwa umri huu, nianze upya?"

Kwenye kioo taa za wanaosubiri zilikuwa zimeanza kuwaka, moja, nyingine, nyingine tena. Ambakisye alizikagua upesi. Hakuna iliyotoka kwenye vihisio.

"Mimi sijui lolote, mzee," alisema. "Ukikata simu sitakulaumu."

Mzee hakukata. Alisikika akivuta kitu sakafuni, labda kiti, na kukaa kwa mguno.

"Una nafasi?"

"Sina nyingi. Kuna wenzako wanangoja. Na huenda nikakukatiza, ndivyo nilivyo. Lakini nipo."

"Haya," alisema Mzee Tweve. "Ng'ombe mwenyewe ni wa kahawia. Marehemu mke wangu ndiye aliyempa jina, na jina alilompa ni la dada yake, kwa sababu walikuwa wamegombana…"

"Walikuwa wamegombana nini?" aliuliza Ambakisye.

"Subiri basi, nafika huko," alisema mzee, na akaendelea.